Mpwa wangu kaambiwa ana jini kwa sababu sweta lake linatoa cheche. Naomba tulizungumze

#1 FundiNgamiani (mleta uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi, na wengine wote habari za jioni.

Mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Chumbageni hapa Tanga, mwaka huu kaanza chuo Dodoma. Juzi usiku kanipigia simu analia. Anasema akivua sweta taa zikiwa zimezimwa, linalia kama dagaa wanaoingia kwenye mafuta ya moto, na cheche za buluu zinaonekana. Akishika kitasa cha mlango anapigwa shoti mpaka mkono unaruka. Akawaeleza wenzake wa chumbani, wakamjibu: "Wewe si umetoka Tanga? Hilo jini umekuja nalo." Mmoja kahamisha godoro lake chumba kingine. Mtoto ananiuliza, "Mjomba, nina nini mimi?"

Imeniuma sana. Mji wetu umesemwa hivyo miaka na miaka, sasa anabebeshwa binti wa miaka 20 ambaye amevaa tu sweta la akriliki kwenye hewa kavu. Nimeamua kuandika ninachokijua. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, mwaka wa 17 sasa nipo Ngamiani, na kitu hiki kimewahi kuniulia bodi za wateja.

Kila kitu unachokishika kina chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, zenye chaji hasi. Vitu viwili vya asili tofauti vikigusana, kimoja huchukua elektroni za mwenzake. Vikiachana, kimoja kinaondoka na elektroni za ziada, kinakuwa hasi, na kingine kinabaki na upungufu, kinakuwa chanya. Watu wengi husema msuguano ndio unaozaa umeme huu. Kugusana na kuachana kunatosha. Kusugua kunaongeza tu sehemu zinazogusana. Sweta limelala juu ya blauzi ya poliesta kutwa nzima, kisha usiku unalivuta kichwani kwa mara moja. Hapo ndipo vinapoachana.

Vingekuwa vyuma, elektroni zingerudi kwao papo hapo. Lakini nailoni, poliesta, plastiki na nywele kavu havipitishi umeme, kwa hiyo chaji inakwama palepale. Umeme wa TANESCO unatembea kwenye waya. Huu umekaa, ndiyo maana ukaitwa umeme tuli, na unakaa hivyo mpaka upate pa kutokea. Hewa inauzuia, ila hewa nayo ina kikomo: ikibanwa na volti kama 3,000 kwa kila milimita moja inapasuka, na mpasuko huo ndio mlio na cheche.

Sasa kwa nini hakuwahi kuyaona haya nyumbani? Hapa kwetu unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70. Maji hayo yanatanda juu ya kila kitu, utando mwembamba usioonekana kwa macho, na bahari inautia chumvi. Ni utando huohuo unaokula mabati yetu mpaka yanageuka mekundu. Kwenye nguo unatufaa: chaji ikianza kujikusanya, inateleza juu ya utando na kwenda zake kabla hujaijua. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikikatika hewa inakauka, midomo inapasuka, na usiku wa Juni na Julai watu wanatafuta masweta. Utando ule haupo.

Watu wa vifaa vya elektroniki wana vipimo vyao. Mtu akitembea juu ya zulia kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 90, mwili wake unaweza kufika volti 1,500. Mtu yuleyule, juu ya zulia lilelile, unyevu ukishuka hadi asilimia 10 au 20, anaweza kufika volti 35,000. Mkono wa binadamu huanza kuihisi cheche kwenye volti 3,000 hivi. Maana yake hata Tanga chaji alikuwa nayo, ila ilikuwa ndogo kuliko mkono unavyoweza kuhisi. Mpwa wangu hakutoka nalo Tanga. Tanga ilikuwa inamkinga.

Nimemwambia hivi: vaa fulana ya pamba chini ya sweta, usiku tundika kanga mbichi chumbani, paka losheni mikononi, na ukienda kufungua mlango gusa kitasa kwa ufunguo kwanza. Cheche itarukia ufunguo, kidole hakitaumia.

Mwenye swali aulize, na mwenye kujua zaidi aongeze.

#2 MtuWaSahare

Mkuu umeandika vizuri, ila hapo kwenye volti 35,000 umenipoteza. TANESCO wana volti 230 na tumezika watu. Huyu binti awe na elfu thelathini na tano halafu apige simu?

#3 FundiNgamiani (mleta uzi)

Swali la haki kabisa, na ndilo linalowatatiza wengi.

Volti ni kama kimo cha pale maji yanapoanzia kudondoka. Wingi wa maji ni jambo jingine. Tone la umande likidondoka kutoka kilele cha mnazi limetoka juu sana, lakini likikuangukia utosini unalipangusa tu. Mto Pangani pale unapoingia kwenye mitambo ya New Pangani Falls hautoki juu kama mbingu, lakini una maji ya kuzalisha megawati 68, tena hayakatiki. Ukiingia humo hutoki. Umeme wa ukutani ni mto. Umeme wa sweta ni tone.

Kwa hesabu: mwili wenye volti 10,000 ukimwaga chaji yake yote, nguvu inayotoka ni kama milijuli 5. Taa ya wati 5 inaimaliza nguvu hiyo ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Inauma kwa sababu inapita kwenye ncha ndogo ya kidole, kisha imekwisha.

Ila umeme tuli ukipata pa kujikusanya kwa wingi unaua. Radi ni kitu kilekile. Chembe za barafu ndani ya wingu zinagongana na kuachana, chaji hasi zinajikusanya upande mmoja, chanya upande mwingine, mpaka hewa inapasuka. Benjamin Franklin wa Marekani mwaka 1752 alionyesha kwa tiara kwamba umeme wa wingu na umeme wa kusugua ni mmoja. Tafadhali mtu asijaribu tiara hiyo. Na wale wa Lushoto na Muheza, mawingu yakinguruma tokeni chini ya miti.

#4 Mzee_wa_Mkwakwani

Wanangu, nimesoma nikamkumbuka marehemu babu yangu. Alikuwa na tasbihi ya kaharabu. Akitaka kutuonyesha kwamba ni ya kweli, alikuwa anaisugua kwenye kanzu kisha anaisogeza kwenye vipande vya karatasi. Vinaruka na kuganda kwenye punje. Mimi nimenunua yangu juzijuzi, nayo inavuta vilevile. Je, ni kaharabu ya kweli? Na je, ndiyo umeme huohuo?

#5 FundiNgamiani (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Umegusa mahali elimu hii yote ilipoanzia.

Ndiyo, ni umeme huohuo. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliokaa ardhini mamilioni ya miaka, na nyingi hutoka pwani za Bahari ya Baltiki. Neno lenyewe limekuja kwetu kwa Kiarabu, na Waarabu walilitoa kwa Waajemi: kah ni makapi, ruba ni kunyakua. Kinachonyakua makapi! Walioliunda jina hilo walikuwa wameshafanya alichokifanya babu yako. Thales wa Mileto, Mgiriki aliyeishi karibu miaka 600 kabla ya Kristo, naye anatajwa kuwa aliijua tabia hiyo. Wagiriki wakiita kaharabu elektron. Mwaka 1600 tabibu wa Kiingereza, William Gilbert, akachukua jina hilo la Kigiriki kuvitaja vitu vyote vinavyovuta hivyo vikisuguliwa, na humo ndimo neno elektroni lilimozaliwa baadaye. Mwarabu wa leo akisema kahraba anakusudia umeme wa nyumbani. Mzee, kila ukivuta uradi kwa tasbihi hiyo, umeshika mkononi kitu kilichoupa umeme jina katika lugha zaidi ya moja.

Kuhusu yako: kuvuta karatasi peke yake hakutoshi kuwa ushahidi, maana plastiki inavuta vilevile, pengine zaidi. Chukua glasi ya maji, koroga chumvi mpaka isiyeyuke tena, uitumbukize. Kaharabu inaelea. Baadhi ya plastiki ngumu za zamani zinazama. Ila ziko plastiki zinazoelea pia, kwa hiyo ikizama umejua ni bandia, ikielea bado hujawa na uhakika.

Kisha kuna sandarusi. Vijana wengi hawalijui neno hili, nasi ndio wenye mali. Ni utomvu wa msandarusi ulioganda, mwingine ukichimbwa ardhini kwenye pwani hii yetu. Karne ya 19 ulikuwa bidhaa kubwa: ulipitia Zanzibar ukaenda Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Ukiusugua unavuta makapi, rangi yake ni ya asali kama kaharabu, na wajanja huuuza kwa jina la kaharabu. Njia ya kuutambua: weka tone la asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, kwenye punje moja isiyoonekana. Sandarusi inakuwa na ulimbo, kaharabu inabaki kavu.

#6 Mzee_wa_Mkwakwani

Marahaba mwanangu. Imezama. Lakini nitaendelea kuitumia, nia ndiyo ibada.

#7 Mstaafu_Katani

Mimi nimefanya kazi ya katani zaidi ya miaka 20. Kwenye chumba cha kusokotea wakubwa walikuwa wakali sana kuhusu hewa, walitaka iwe na majimaji. Sisi tukidhani ni kwa ajili ya vumbi tu. Nauliza, na hilo linahusiana na haya?

#8 FundiNgamiani (mleta uzi)

Linahusiana sana mzee. Kwenye viwanda vya nyuzi hewa ikikauka, nyuzi zinapata chaji ya aina moja, na chaji za aina moja hukimbiana. Nyuzi zinasimama kama nywele za paka aliyeogopa, zinakatika, zinajizungusha kwenye roli. Unyevu unazituliza. Unazuia vumbi pia, kwa hiyo hamkukosea.

Katani yenyewe kwa asili inapenda maji, kama pamba. Ndiyo maana gunia la katani halikupigi shoti. Tuliletewa mmea huu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 1,000 ikasafirishwa, ikafika hai 62 tu, ikapandwa kule Pangani. Kutokana na hiyo 62 ndipo Tanga ikawa Tanga. Baadaye kamba za plastiki zikaja na kuishusha bei, na leo nafaka tunaweka kwenye viroba vya plastiki. Kiroba kikavu kikimwagwa unga kwa haraka kinajichaji. Viwanda vinavyotumia mifuko mikubwa ya kubebea unga vinalazimika kuwa na mifuko maalumu yenye nyuzi za kupitisha umeme, maana vumbi la unga likitanda hewani linaweza kulipuka kwa cheche. Hilo la unga kulipuka watu wengi hawaliamini, lakini ni kweli.

#9 DadaWaStesheni

Kaka naomba msaada, hili linanihusu mfukoni. Nina stesheni ya kutoa kopi karibu na shule. Wakati wa masika kopi zinatoka hafifu, kama zimefifishwa. Fundi mmoja akaniuzia tona mpya, tatizo likabaki. Nimefunga kiyoyozi, sasa karatasi zinagandana mbili mbili. Nifanyeje?

#10 FundiNgamiani (mleta uzi)

Pole dada. Tona yako ya zamani inawezekana haikuwa na kosa.

Mashine ya fotokopi ni umeme tuli mwanzo mpaka mwisho. Dramu, ile silinda iliyomo ndani, inapewa chaji. Kwenye mashine za mtindo wa awali, mwanga unaotoka kwenye karatasi unayonakili unafuta chaji mahali palipo peupe, inabaki palipo na maandishi tu. Unga wa tona unavutwa na ile chaji iliyobaki. Kisha karatasi nyeupe inapewa chaji yake ili iunyakue ule unga kutoka kwenye dramu, na mwisho joto linauyeyusha ushike. Aliyeanzisha haya ni Chester Carlson, tarehe 22 Oktoba 1938, Astoria, New York. Alipaka salfa kwenye bamba la zinki, akalisugua kwa leso, akaandika kwenye kioo tarehe na jina la mahali, akamulika, akanyunyiza unga mwembamba wa mmea, akapuliza. Maandishi yakabaki. Mashine ya kwanza iliyouzika kweli maofisini, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959. Miaka 21 kati ya leso na duka!

Sasa karatasi yako ya masika imelewa unyevu. Ikipewa chaji haiwezi kuishika, inavuja, na unga unabaki kwenye dramu. Kopi inafifia. Ukiwasha kiyoyozi, kinanyonya maji hewani, karatasi zinakauka na kuanza kuvutana. Fanya hivi: rimu usiifungue mpaka siku ya kuitumia, iliyobaki ifunge kwenye mfuko wake uiweke juu, mbali na sakafu. Zile zinazogandana zipepete kwa vidole kabla ya kuziweka kwenye trei. Kiyoyozi kisipige moja kwa moja kwenye trei. Na yule fundi kabla ya kukuuzia tona alipaswa kujaribu rimu kavu kwanza. Ni jaribio la dakika mbili.

#11 BodaPongwe

Bro mimi naendesha boda na jioni nauza petroli kidogo kwa madumu. Umesema cheche ya mwili ni tone tu la umande. Sasa hiyo si haina shida kwangu? Na hewa yetu ina unyevu.

#12 FundiNgamiani (mleta uzi)

Mdogo wangu, nashukuru umeuliza, kwa sababu hapa sitaki mtu achukue maneno yangu ya mwanzo akaenda nayo kwenye petroli. Soma hii mpaka mwisho.

Mvuke wa petroli uliochanganyika vizuri na hewa unahitaji kama robo ya milijuli kuwaka. Mwili wenye volti 3,000, kiwango ambacho kidole kinahisi kwa shida, unatoa karibu nusu ya milijuli. Cheche ambayo kwako ni mchomo wa sindano, kwa petroli ni kiberiti kizima. Na petroli haisubiri jua ndipo itoe mvuke: hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri inatoa mvuke wa kutosha kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama moshi wa ubani, unakaa mdomoni mwa dumu, miguuni mwako, kwenye mtaro.

Kuhusu unyevu wetu, hapa usiutegemee. Petroli inajichaji yenyewe inapopita kwenye mpira na bomba, na hilo linatokea ndani, hewa ya Tanga haifiki huko. Ikipita kwenye chujio inajichaji maradufu. Nimewaona ndugu zangu wanachuja petroli kwa kitambaa cha nailoni juu ya mdomo wa dumu, wanamimina kutoka juu ili itiririke vizuri. Yote mawili ni mabaya: kitambaa kinaitia chaji, na kumwaga kutoka juu kunairusharusha na kuinua mvuke.

Dumu la plastiki haliwezi kuiteremsha chaji hiyo. Likiwa juu ya siti ya boda, au kwenye bodi ya pikapu iliyotandikwa plastiki, limekatiwa njia kabisa. Kwa hiyo literemshe chini, kwenye udongo au zege. Mdomo wa bomba la pampu ugusane na mdomo wa dumu tangu mwanzo mpaka mwisho. Jaza taratibu, usifike juu kabisa. Kabla hujafungua kifuniko, gusa kwa mkono mtupu chuma kilichoshika ardhi, mbali na dumu. Usivue koti la mvua au sweta karibu yake. Faneli ya bati juu ya dumu la plastiki iache kabisa: bati linakusanya chaji yote, halina pa kuipeleka, na likikaribiwa na kidole linaitoa yote kwa cheche moja. Na chupa za maji ya kunywa si vyombo vya petroli, hata kama kijiji kizima kinafanya hivyo.

Mtu ataniambia tumefanya miaka yote hakijatokea kitu. Mvuke unawaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Chini ya hapo ni haba, juu ya hapo umezidi. Mara nyingi unaponea kwa sababu mchanganyiko ulikuwa nje ya kipimo, wala hukuwa umefanya jambo sahihi. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, tulipoteza zaidi ya watu 100 kwenye lori la mafuta lililopinduka. Sisemi chanzo cha moto ule kilikuwa umeme tuli. Nasema mvuke ukishatanda, hauchagui cheche.

Huko Marekani, ambako watu hujaza mafuta wenyewe, taasisi ya wafanyabiashara wa vifaa vya petroli, PEI, ilikusanya ripoti za moto wa vituoni uliohusishwa na umeme tuli. Wengi walikuwa wamerudi kukaa kwenye siti wakati mafuta yanaingia, wakashuka wamebeba chaji, wakaenda kushika bomba. Kwetu anajaza mhudumu, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo. Ya kwetu ni dumu.

#13 DerevaWaTangi

Aliyosema fundi ni kweli tupu. Sisi tukienda kupakia, jambo la kwanza kabla ya mpira ni kubana waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) kwenye tangi, na unatolewa mwisho kabisa. Mwanzo wa kupakia mafuta yanaingizwa polepole, mita 1 kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba uzame kwenye mafuta ndipo wanaongeza kasi. Baada ya kujaa tunasubiri kabla ya kuchovya kijiti cha kupimia, mafuta yatulie. Nilipoanza kazi niliona ni kupoteza muda. Siku hizi utingo akinishikia waya wa ethi kwa uvivu, namshusha.

#14 Mfugaji_Handeni

Fundi, hebu nikuulize la porini. Kupe wanapandaje kwenye ng'ombe? Hawaruki, hawana mabawa.

#15 FundiNgamiani (mleta uzi)

Swali zuri kweli. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba manyoya ya mnyama anayepita kwenye majani yanakuwa na chaji ya kutosha kumvuta kupe kupitia hewani, umbali wa milimita kadhaa mpaka sentimita. Walitumia kupe wa Ulaya. Kupe anasubiri kwenye ncha ya jani amenyoosha miguu, na mnyama akipita karibu bila hata kumgusa, ananyakuliwa kama vile vipande vya karatasi vya mzee wetu wa Mkwakwani. Mwaka 2013 walikwishaonyesha kwamba nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya, wanaweza kuutambua umeme wa ua: nyuki hupata chaji chanya akiruka, ua kwa kawaida lina hasi, na chavua inamrukia. Na mwaka 2018 wakaonyesha buibui wadogo wanainuka hewani kwa uzi wao wakiwa kwenye uwanja wa umeme, hata upepo usipokuwepo. Mimi hili la buibui nikilifikiria usiku silali.

#16 FundiMwenzio_Korogwe

Kaka umesema uliua bodi. Tueleze, maana na mimi nina bodi mbili zimekufa na sijui zimekufaje.

#17 FundiNgamiani (mleta uzi)

Miaka yote nilikuwa nafanya kazi barazani, feni na hewa ya bahari, meza ya mbao, mikono mitupu. Sikuwahi kuona tatizo nikaamini halipo. Kisha nikapata kazi kwenye ofisi moja, chumba kina kiyoyozi usiku na mchana, sakafu ina zulia la nailoni, kiti cha plastiki chenye magurudumu. Ndani ya miezi miwili bodi tatu zikafa mikononi mwangu. Zilikuwa nzima nilipozifungua. Sikuhisi shoti hata mara moja, na hapo ndipo pabaya: aisii (zile chipu ndogo za kwenye bodi) nyingine zinaharibika kwa chini ya volti 100, wakati mkono unaanza kuhisi kwenye 3,000. Nyingine hazifi siku hiyo. Zinajeruhiwa, mteja anarudi baada ya mwezi simu inazimazima, nawe unamwambia ameiangusha. Nilimwambia mteja mmoja maneno hayo. Nilipokuja kuelewa nilimtafuta nikamrudishia pesa yake.

Nunua mkanda wa mkononi wenye waya wa ethi. Ndani yake mna kizuizi cha omu milioni 1: kinaruhusu chaji ya mwili ishuke taratibu, na ukigusa umeme wa ukutani kwa bahati mbaya hakikuachi uwe waya. Usifunge waya mtupu mkononi, nakuomba. Tandika meza mkeka maalumu uliounganishwa na ethi, bodi ziweke kwenye mifuko ile ya rangi ya fedha zinazokuja nayo, na usizifunge kwenye nailoni ya sokoni. Kabla hujagusa bodi, gusa chuma kilichoungwa ethi.

#18 FundiNgamiani (mleta uzi)

MREJESHO.

Wengi mmeniuliza inboksi kuhusu binti. Nilimtumia uzi huu, akausoma kwa sauti chumbani kwao. Usiku akawaita wote, yule aliyehama akiwemo, wakazima taa. Akamwomba kila mmoja avue sweta lake mwenyewe. Matano yalitoa cheche. La sita lilikuwa la pamba, la binti wa Singida, halikutoa kitu. Kisha wakatundika kanga mbili mbichi, wakalala, na asubuhi mlango ulifunguliwa na mkono mtupu.

Godoro limerudi. Ameniomba nimtumie vipande vya sandarusi kama nitavipata, anataka kuwaonyesha. Kama kuna mtu anajua nani bado anauza ya kweli, Tanga au Bagamoyo, anijulishe.

#19 BodaPongwe

Bro nimesoma mara mbili. Leo jioni madumu yote nimeyateremsha chini, faneli ya bati nimempa mama watoto amwagie maji kwenye mtungi. Ile nailoni ya kuchujia nimeichoma, mbali na dumu.